Umemupeleka wapi kwanza?

Asubuhi ya kwanza ya staji, mafunzo yetu ya hospitali, ya masikio, pua na koo, Shefu, daktari mkuu wa idara, aliomba mtu mmoja ajitolee kinywa chake. Tulikuwa wanafunzi sita, makoti yetu meupe yamepigwa pasi ya makaa, viatu vimejaa tope, maana hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwezi wa kumi na moja hakuna anayefika kazini na viatu safi. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na kiti. Nikakaa.

"Fungua. Toa ulimi. Sema aaa."

Wenzangu wakapanga mstari nyuma yake, kila mmoja akichungulia kwa zamu. Shefu alikuwa akitaja vitu kama mtu anayetembeza wageni nyumbani kwake: huu ulimi, hizi tezi za koo kushoto na kulia, hii kaakaa laini, na hapa katikati kinaning'inia... Akanyamaza. Akasogeza mwanga.

"Dokta, kilimi chako kiko wapi?"

Kwetu mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huitwa Dokta kabla hajapata diploma. Ni heshima, na ni kejeli pia, inategemea sauti. Nikafunga kinywa, nikameza mate, nikasema: "Nilizaliwa hivi, Shefu."

Alinitazama kidogo tu. "Sawa," akasema. "Mwingine akae."

Nilikuwa nimedanganya, na yeye alikuwa amejua. Aliyezaliwa na kasoro ya kilimi mara nyingi huwa nacho kimepasuka mara mbili kama ulimi wa nyoka. Hawi na ukingo ulionyooka, wenye kovu jeupe, kama ubao uliokatwa kwa msumeno. Lakini hakusema neno, na mimi nikafikiri nimepona.

Kwa asiyejua, kilimi ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Unapomeza, kinapanda pamoja na kaakaa laini na kuziba njia ya pua ili chakula kisipande juu, na kinatoa ute wa kulainisha koo. Huko Walungu nilikozaliwa, kama ilivyo sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mtoto akikohoa siku nyingi, akitapika maziwa au akikataa kunenepa, hakosekani mkubwa mmoja wa kusema: kilimi kimekuwa kirefu, kinamchokoza koo. Anatafutwa fundi. Mtoto anashikwa kichwa na miguu, kinyama kinakatwa, dakika haiishi. Na kwa kuwa kikohozi cha mtoto mara nyingi huisha chenyewe baada ya wiki moja au mbili, sifa zote zinamwendea fundi. Mimi nilikatwa kabla sijatimiza mwaka. Nilijua kwa bibi yangu, aliyekuwa akilisimulia jambo hilo kwa fahari. Lakini mbele ya wenzangu watano, watoto wa mjini wengi wao, nilijiona kama mtu aliyekamatwa na hirizi mfukoni.

Staji ilikuwa ya wiki sita. Tatu za mwanzo sikuona kitu.

Nasema kweli, sikuona. Watu wanadhani upasuaji ni kisu, lakini katika kazi hii kwanza ni mwanga. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, limepinda, na ngoma ya sikio imekaa mwishoni gizani. Unavaa kioo cha duara kwenye paji la uso, kina tundu katikati, unakishusha mpaka tundu likae mbele ya jicho lako. Taa inakaa nyuma ya mgonjwa, pembeni ya kichwa chake. Mwanga unatoka kwenye taa, unagonga kioo, unaingia sikioni. Unapeleka shingo mbele na nyuma mpaka lile duara la mwanga liwe dogo na kali. Ukicheka, umepoteza sikio. Mgonjwa akikohoa, umepoteza sikio. Siku ya kwanza niliangaza nywele za mgonjwa, kola ya shati lake, na ukuta.

Siku umeme ulipokatika, kama kawaida, wenzangu walianza kufunga madaftari. Shefu akafungua dirisha, akageuza kiti, jua la saa nne likaingia kutoka upande wa ziwa. Akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndipo akatusimulia habari za Manuel García, Mhispania aliyekuwa mwalimu wa kuimba wala si daktari, ambaye mwaka 1854 alitaka kuona sauti inatokea wapi. Alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakipasha kwa maji ya moto kisipate ukungu, akakiegemeza kwenye kilimi chake mwenyewe, kisha kwa kioo kingine akapeleka jua ndani ya koo lake. Akaziona nyuzi zake za sauti zikifunguka na kufunga. Alikufa mwaka 1906 akiwa na miaka 101. Shefu alipenda sana hapo kwenye miaka 101.

Tukajaribu kioo hicho sisi kwa sisi. Unakipasha juu ya taa ya spiriti, unakigusisha mgongoni mwa mkono wako kwanza ili usimchome mtu, kisha unakiingiza na kusukuma kilimi nyuma polepole. Kwa wengine kilikuwa kichefuchefu na machozi. Kwangu kioo kilipita moja kwa moja. "Kwako hakuna bariyeri," akasema mwenzangu mmoja, na anayejua barabara za Kivu na vizuizi vyake anaelewa kwa nini wote walianguka kwa kicheko. Nami nilicheka. Kuanzia siku hiyo kila aliyetaka kujifunza kuona nyuzi za sauti alinitafuta mimi.

Mikono niliifundisha nyumbani. Kitu cha mviringo kikiingia sikioni, ushanga au haragi, koleo ni adui yako: linateleza na kukisukuma ndani zaidi. Unatumia ndoano ndogo, unaipitisha juu ya kitu, unaigeuza nyuma yake, unavuta. Sikuwa na masikio ya kufanyia mazoezi, ila uani kulikuwa na mpapai. Bua la jani la mpapai ni mrija mtupu. Nilikata vipande vya vidole viwili, nikasukumia maharagi ya mama ndani, nikakaa jioni nzima na ndoano niliyopinda kutoka pini ya nywele ya dada yangu. Jirani akamuuliza mama kama mwanawe daktari bado yuko vizuri kichwani.

Ilinifaa. Wiki ya nne nilitoa haragi la kweli katika sikio la binti wa miaka minne, kwa mvuto mmoja, naye hakulia. Kwa mtoto una nafasi moja. Ukimuumiza mara ya kwanza hatakupa sikio tena, na kinachofuata ni kumlaza kwa dawa ya usingizi kwa ajili ya haragi. Lilikuwa limevimba, maana kaka yake alikuwa amemwagia maji ili litoke. Haragi linakunywa maji kama lilivyo chunguni.

Kuna pia mtoto aliyemeza sarafu. Sarafu ya Rwanda bila shaka, kwa sababu sisi Kongo fedha yetu ni noti tupu. Sarafu zote zilizonasa katika makoo ya watoto wa Bukavu zimevuka Ruzizi, mto wa mpaka wetu na Rwanda. Mama yake anauza nyanya, anakwenda Kamembe, upande wa Rwanda, na kurudi. Kwenye radio ya kifua, yaani picha ya eksirei, duara lilionekana zima, limetazama mbele, maana yake limekaa kwenye umio, si kwenye njia ya hewa. Shefu alitazama ukingo muda mrefu. Kama ungekuwa na duara mbili, moja ndani ya nyingine, hiyo ingekuwa betri ya saa, na betri inaanza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Pale hakuna kusubiri asubuhi. Ilikuwa faranga 50 tu. Ilipotoka mama akaiomba. Akaipangusa kwenye kitenge, akaifunga kwenye fundo la nguo. "Kesho naivuka nayo," akasema.

Kwa hiyo, kufika wiki ya tano, nilikuwa nimeanza kujiona.

Usiku ule wa gardi, yaani zamu ya usiku, mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba tulizungumza kwa kupaza sauti. Saa tano hivi akaingia mama kijana kutoka Kabare, mtoto wa miezi saba mgongoni. Alipomfungua nikaona kitenge kimelowa, na haikuwa mvua peke yake.

"Anatapika damu, Dokta."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Nikaweka mkono kiunoni. Najua niliuweka kwa sababu ndivyo nilivyowaona wakubwa wetu wakifanya. "Umemupeleka wapi kwanza?"

Akatazama sakafu. "Sikumupeleka popote, Dokta."

"Hakuna dawa ya kienyeji?"

"Hakuna."

Nikaandika kwenye karatasi: hakuna matibabu ya awali. Nakumbuka mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Nilijaribu kumtazama koo. Alikaza ufizi, akalia, nikaona wekundu, kijiti kikateleza, nikakitoa. Nikajiambia damu ya kutapika, nyeusi hivi, inatoka tumboni. Nikachukua damu ya kipimo cha malaria na ya himoglobini. Mtoto alikuwa ametulia mno, viganja vyeupe kama vya mtu aliyefua nguo siku nzima, na alikuwa anameza. Anameza, anapumzika, anameza. Nikamwambia mama amnyonyeshe.

Muuguzi wa zamu, mama mmoja mwenye miaka mingi kazini kuliko yangu duniani, akasimama nyuma yangu. "Dokta, huyu mtoto anameza sana."

"Ana njaa, Mama."

Hakunijibu. Akaenda mwenyewe kumpigia simu Shefu.

Shefu alifika kwa pikipiki, maji yakimtiririka kwenye koti la mvua. Alilivua, hakuja mezani nilipokuwa na karatasi zangu. Alivuta kigoda, akakaa chini kuliko yule mama, akashika mguu wa mtoto kama anayeupima ubaridi. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaopiga gumzo:

"Mama, kikohozi cha namna hii kwetu wazee wanasema ni kilimi. Nyinyi mulikata lini?"

"Juzi, Papa," akajibu hapo hapo.

Sikuamini. Shefu hakumuuliza kama walikata. Alimuuliza siku.

"Na damu ilianza siku ileile ao ilikawia?"

"Ilisimama. Jana ikarudi." Na maneno yakafunguka: mama mkwe alivyosema, fundi aliyetoka ng'ambo ya kilima, dawa ya majani waliyopaka, jinsi mtoto alivyokataa titi. Yote. Shefu akanigeukia bila kupandisha sauti. "Unamuona anameza. Hana kitu kinywani. Anameza nini?"

Nilikuwa nimesoma hilo. Mtoto aliyetolewa tezi za koo akianza kumeza mfululizo usingizini, usimwache alale, kwa sababu damu inateremka kimyakimya, na utaijua atakapoitapika. Nilikuwa nimeipigia mstari kwenye daftari. Lakini karatasi ilisema hakuna matibabu ya awali, na mimi niliiamini karatasi yangu kuliko macho yangu.

Himoglobini ilirudi gramu 5, chini mno. Tukaingia bloku, chumba cha upasuaji. Mtaalamu wa usingizi akauliza mtoto amekula saa ngapi, nikalazimika kusema amenyonya nusu saa iliyopita, kwa agizo langu. Hakunitukana. Alifunga macho sekunde moja, halafu akaanza kuandaa mashine ya kufyonza. Kumlaza mtoto tumbo limejaa maziwa na damu ni kumwalika atapike na kuvuta matapishi mapafuni, na kosa hilo lilikuwa langu, hakuna mganga wa kijijini wa kumsingizia.

Shefu alinipa kazi ya kushika mwanga. Bonge la damu lilikuwa limekaa mahali pa kilimi, jeusi, linang'aa kama ini. Alipolifyonza, chini yake mshipa mwembamba kama uzi wa kushonea ulikuwa unarusha damu, mara moja kwa kila pigo la moyo. Akaubana kwa kitambaa. Akahesabu. Akapitisha sindano, akafunga mshono mmoja, akangoja, akafunga wa pili. Ndani ya kinywa cha mtoto wa miezi saba vidole vya mtu mzima havina pa kugeukia. Alifunga fundo kwa ncha za koleo mbili, kama mtu anayefuma ndani ya kikombe. Baba alikuwa amefika kutoka Kabare kwa miguu na kutoa damu ya kurudisha kwenye benki ya damu. Mtoto akapokea mililita 140, na kinga ya pepopunda, kwa sababu hakuna anayejua kisu cha fundi kilitoka kukata nini.

Alipona. Waliondoka baada ya siku sita, na siku mbili kati ya hizo zilikuwa za kutafuta pesa za kulipa. Hilo nalo ni sababu mojawapo ya watu kuanzia kwa fundi. Fundi anapokea kuku.

Alfajiri, tukiwa tunavua vifuniko vya viatu, nilitaka kuomba msamaha, Shefu akanikatiza. "Ulimuuliza nini yule mama?"

Nikamwambia.

"Kwa sauti gani?"

Nikanyamaza.

"Na mimi nilipokuuliza kilimi chako kiko wapi, mbele ya watu watano, ulinijibu nini?"

Akaenda kunawa mikono. Hakuzungumzia tena jambo hilo mpaka staji ikaisha.

Kuna methali tunayopenda kuwatupia wagonjwa: mficha maradhi kifo humuumbua. Imebandikwa ukutani mahali pengi. Nilipokuwa mdogo niliiona ya hekima. Sasa kila nikiipita najiuliza mbona haipo inayomhusu anayemfanya mtu afiche.

Jumapili iliyofuata nilikwenda nyumbani Kadutu, mtaa wa Bukavu. Mama alikuwa anakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, mafuta yanalia, nikakaa kwenye ngazi ya jikoni. Nikamuuliza ni nani alinikata.

"Bibi yako ndiye aliyekupeleka kwa fundi," akasema bila kugeuka. "Ulikohoa wiki tatu. Nilikupeleka kituo cha afya kwanza, wakaniandikia dawa, pesa sikuwa nayo. Karatasi nikaiweka chini ya godoro. Bibi yako akasema usiku huohuo twende."

"Nilitoka damu?"

"Kidogo. Ila homa ilikuja, nikakurudisha kituoni. Muganga akakufungua kinywa akaona. Alipiga kelele, baba yangu! Watu wote kwenye foleni wakageuka. Akaniuliza: nani amemukata huyu mutoto?"

"Ukamwambia nini?"

Akageuza sambaza, mmoja mmoja, kwa uma. "Nilimwambia ulizaliwa hivyo."

Nilicheka mpaka akaniuliza kuna nini, nami sikuweza kumweleza. Sentensi niliyomwambia Shefu, neno kwa neno karibu, ilikuwa imetungwa kwenye foleni ya kituo cha afya huko Walungu, mimi nikiwa mgongoni.

Wiki ya mwisho alikuja bibi mmoja na mjukuu wa miaka miwili, wameshuka kwenye boti ya kisiwa cha Idjwi asubuhi. Mtoto alikuwa na kikohozi, masikio yanatoka maji. Wenzangu walikuwa na haraka ya kwenda kula, nikabaki. Nikavuta kigoda.

"Koko," nikasema, "kwetu Walungu mtoto akikohoa hivi tunasema kilimi. Nyinyi mumekata ao mnangoja?"

Akanipima kwa macho. "Tunangoja. Fundi anakuja posho, Jumamosi."

Nikamsafisha mtoto masikio kwa utambi wa pamba mpaka yakakauka, nikamwonyesha bibi jinsi ya kuusokota na kuubadilisha mara tatu kwa siku, nikamwonyesha ngoma ya sikio iliyotoboka ili ajue maji yanatoka wapi. Kuhusu kilimi sikumhubiria. Nilimwambia tu kwamba mimi nilikatwa.

"Wewe? Daktari?"

"Mimi. Kwa kisu cha fundi, kabla sijatembea."

"Na kikohozi kiliisha?"

"Bibi, mimi nakohoa kila mwaka mvua zikianza. Na koo linanikauka alfajiri mpaka leo."

Hakusema kama ameamini. Alimkalisha mjukuu kwenye kitanda, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akachukua taa ya mkononi kutoka mfukoni mwa koti langu, akaiwasha mara mbili kujaribu.

"Fungua kinywa," akaniambia. "Sema aaa."